Balozi Asiyejua Kukataa

Ukoo mzima ulimwita Balozi, ingawa hakuna serikali iliyowahi kumteua. Alijiteua mwenyewe kwa simu, kila Jumapili, akiwa ng'ambo kwa watu wanaosema Kihispania, huku ndugu zake wamejazana sebuleni kwa shangazi yake wakimsikiliza kama wanaongoja matokeo ya uchaguzi.

"Na hicho Kihispania chao, mwanangu, unakiweza kweli?" shangazi aliuliza.

"Shangazi, nakinywa kama maji. Kuna siku wenyewe wanakosea, mimi ndiye nawasahihisha."

"Kweli?"

"Ila taratibu tu. Sipendi kuwaaibisha watu kwao."

Sebule nzima ikawahurumia wenye lugha yao.

Mkewe aliitwa Redio. Jina hilo alipewa na wateja, maana alikuwa msusi, na kwake mtu aliingia na nywele timutimu akatoka amesukwa vizuri na anajua nani kaoa, nani kaachwa, na nani yuko njiani kuachwa ila hajaambiwa. Redio hakuhitaji betri. Alihitaji kichwa cha kushika na sikio la kumwagia maneno, na Mungu kwa hekima yake alikuwa ameviweka karibu karibu. Kibali chake cha kumfuata mumewe kilipotoka, baada ya miaka ya kungoja, shangazi alimkumbatia akamwambia, "Wewe huna shida hata kidogo. Wenzako wanakwenda ng'ambo mabubu. Wewe unakwenda kwa mkalimani, tena wa bure, tena wa halali."

Mkalimani wa halali alimpokea uwanja wa ndege akiwa amevaa koti lililomzidi mabega. Wakaingia kwenye teksi. Dereva akageuka, akauliza jambo refu lenye kona nyingi.

"Si," Balozi akajibu.

Dereva akauliza tena, safari hii akionyesha barabara kwa kidole.

"Si, si, si."

Redio kwenye kiti cha nyuma alijaa fahari hadi kooni. Mwanamume aliyemwoa alikuwa hawezi kumkatalia hata muuza karanga. Leo anamkatalia dereva mara nne, tena mchana kweupe, tena kwao!

"Umemkatalia nini?" alimnong'oneza.

"Nimkatalie nani?"

"Nimekusikia mwenyewe. Si, si."

"Ah! Kwao 'si' ni ndiyo."

Redio akanyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alijiuliza ni watu gani hawa ambao ukikataa umekubali. Jibu lilikuja polepole, pamoja na mita ya teksi. Dereva alikuwa akiuliza kama wageni wangependa kuzungushwa mjini kwanza. Walizungushwa. Waliona madaraja, uwanja wa mpira, hospitali, na sanamu ya mtu juu ya farasi ambayo waliipita tena na tena, mpaka farasi mwenyewe akaanza kuonekana amechoka.

Wiki haikuisha kabla Redio hajagundua kwamba mumewe anakijua kweli Kihispania, ila anajua neno moja tu. Ndilo lile la kwenye teksi. Balozi alifanya kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala, na maboksi kwa tabia yake hayaulizi maswali. Huko nje ya ghala, kila aliyemuuliza kitu alipewa "si" ya kumtosha. Kinyozi alimuuliza swali moja, Balozi akaitikia, akarudi nyumbani na mfereji katikati ya kichwa kama shamba lililolimwa na trekta mbovu. Mama mmoja wa ghorofa ya juu alimuuliza jambo ngazini, Balozi akaitikia, na tangu siku hiyo kila asubuhi na jioni, mvua ije jua liwake, alimtembeza mbwa wa mama huyo. Mbwa mwenyewe hakuzidi kiatu. Lakini Balozi alikuwa akiogopa mbwa tangu utotoni, kwa hiyo walitembea kamba ikiwa imenyooka hadi mwisho, mbwa mbele, Balozi nyuma kabisa, na mpita njia asingejua nani kamtoa nani.

"Kwa nini usimwambie hutaki?" Redio aliuliza.

"Nampenda yule mbwa," Balozi akasema, jasho likimtoka.

Basi mkalimani akawa ameumbuka, na Redio akajua yuko peke yake. Alikwenda dukani kununua mayai. Neno hakuwa nalo, ila mikono alikuwa nayo. Alipiga viwiko kama mabawa, akachuchumaa kidogo, akatoa sauti ya tetea aliyezidiwa. Mwenye duka, mtu mzima mwenye masharubu yaliyochanwa, alimtazama kwa heshima zote kisha akamletea mapaja ya kuku. Redio akatikisa kichwa. Akatetea tena, kwa bidii zaidi, na safari hii akapokea kwa kiganja nyuma yake kile ambacho kuku angetaga. Duka zima likashangilia. Mayai yakaja.

"Asante, kaka," alisema Redio kwa adabu aliyolelewa nayo.

Mwenye duka akakunja uso, akainua mguu mmoja, akatazama soli ya kiatu. Akainua na wa pili. Redio akaondoka akidhani ndivyo wanavyoagana huko.

Alipata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo mashine za kukaushia ziliunguruma toka asubuhi na mashuka yalishuka kwa bomba kama mvua isiyojua msimu. Wenzake walikuwa wanawake wanaoongea. Hilo ndilo lililomuuma. Walisemana, walichekana, mmoja wao, wa mashine ya pasi, alikuwa na mdomo ambao Redio aliutambua mara moja, kama fundi anavyomtambua fundi mwenzake. Yule mwanamke alikuwa anatangaza habari za hoteli nzima, kwa ufundi, na Redio hakuambulia hata kichwa cha habari. Alikunja foronya na kumeza maneno. Siku moja alijikuta anaisimulia foronya habari za jirani yake wa nyumbani aliyekimbiwa na mchumba siku ya posa. Foronya ilisikiliza vizuri. Ndipo alipoogopa.

"Naenda darasani," alimwambia mumewe jioni hiyo.

"Darasa la nini? Mimi si nipo?"

"Upo," alisema Redio. "Hata kabati lipo."

Darasa lilikuwa la bure, jioni, kwenye shule ya msingi, ambako watu wazima kutoka pembe zote za dunia walikalia viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Mwalimu alikuwa mama mwembamba aliyestaafu, mwenye subira ya mtu aliyekwisha sikia makosa yote na bado anangoja mapya. Redio alimpa mapya. Alitaka kusema ana njaa, akasema ana mwanamume, maana maneno hayo kwao hutofautiana kwa irabu moja tu. Alipoona watu wanacheka, akakazia kwamba anaye tangu asubuhi na tumbo linamuuma. Hapo pia ndipo alipojua kwamba "kaka" kwa watu wale ni neno la watoto wadogo, nalo ni kwa ajili ya kile kinachokwenda chooni. Alimkumbuka mwenye duka akikagua viatu. Alicheka mpaka akashikilia meza, na mwalimu, asiyejua kinachochekwa, akacheka naye.

Tofauti na mumewe, Redio hakuona haya. Aibu ilikuwa anasa asiyoweza kuimudu: mtu mwenye njaa hachagui sahani, na yeye alikuwa na njaa ya maongezi. Alisema vibaya, kwa sauti, kwa yeyote. Wenye mji walipata shida kumwelewa, lakini shida ya kumnyamazisha ilikuwa kubwa zaidi.

Kisha ikaja siku ya moto.

Alikuwa anapakua mashuka alipoona moshi ukitoka nyuma ya mashine ya kukaushia, pale vumbi la nguo linapojikusanya kwa sababu kila mtu anaamini mwenzake amelisafisha. Moshi ukatoa ulimi mwekundu. Mtu akishtuka hukimbilia lugha ya mama yake, na darasa zima la jioni likamtoka Redio kichwani kama ndege waliotupiwa jiwe.

"Moto!" alipiga kelele. "Moto! Moto!"

Wanawake wote waliacha kazi, wakakimbilia dirisha dogo lililotazama barabarani. Kwa Kihispania moto ni pikipiki. Walipanga vichwa pale dirishani, wakasukumana, wakatafuta. Yule wa mashine ya pasi, ambaye mchumba wake alikuwa na pikipiki, alijipangusa uso na kutengeneza nywele.

Redio aliwatazama migongo. Nyumba inaungua, watu wanachungulia nje kana kwamba kuna harusi inapita! Hakuwa na muda wa kushangaa sana. Alibeba mashuka mabichi kutoka mashine ya kufulia, mazito kama maiti, akayatupia nyuma ya mashine, akaongeza mengine, akaongeza na taulo, akachomoa waya ukutani, mpaka moto ukanywea kwa sauti ya chapati inayogeuzwa. Wenzake waligeuka kulalamika kwamba hakuna pikipiki yoyote, wakamkuta amesimama katikati ya moshi, nyusi moja imeungua.

Msimamizi alikuja, akatoa hotuba ndefu juu ya usalama, kisha akauliza ni nani aliyelowesha taulo safi. Lakini wale wanawake walipoelewa, kwa mikono na kwa vipande vya maneno, walicheka mpaka wakakaa sakafuni. Yule wa mashine ya pasi alimkumbatia Redio na kumfundisha neno sahihi, *fuego*, akamfanya alirudie mara kumi mpaka akalishika. Tangu siku hiyo hawakumwacha akunje foronya peke yake. Walimsimulia mambo, polepole, na Redio akaanza kujua nani kaoa na nani yuko njiani kuachwa. Dunia ikarudi kuwa na umbo.

Jioni moja Balozi alimfuata Redio shuleni, akasimama ng'ambo ya barabara kama mtu anayengoja mdaiwa. Mwalimu akamwona dirishani, akapiga makofi kwa furaha.

"Yule Mchovu!" alisema kwa Kihispania. "Yule Mchovu yu hai!"

Redio akauliza ni mchovu gani. Mwalimu akamweleza kwa maneno mepesi na mikono mingi. Zamani, huyu bwana alikuja darasani. Siku ya kwanza kila mtu alisimama kujitambulisha. Yeye alitaka kusema ameoa. Neno la kuoa na neno la kuchoka katika lugha yao yanafanana kama watoto wa tumbo moja. Basi alisimama, akafunga vifungo vya koti, akatangaza kwa fahari kwamba yeye ni mchovu, amechoka na mke mmoja, mke mzuri sana, yuko mbali. Darasa likaanguka kwa kicheko. Yeye akaketi. Hakurudi tena.

Redio hakumwambia mumewe neno njiani. Ukimjua Redio, utajua hilo lilimgharimu kiasi gani.

Jumamosi iliyofuata mwenye nyumba, mjane aliyekaa ghorofa ya chini na kutembea na funguo zote kiunoni, alipanda kuwagongea. Redio alikuwa bafuni anafua, akasikia maneno mengi ya mama yule, kisha "si" ya mumewe, maneno mengine, "si," na mwisho "si, si" ndefu yenye kicheko. Mlango ukafungwa.

"Kasema nini?"

"Anatusalimia tu. Mwanawe kapata boda."

"Boda?"

"Nimesikia kwa masikio yangu, boda, boda. Nimempa mkono wa pongezi. Kazi ni kazi."

Siku chache baadaye Redio alirudi kutoka kazini akamkuta binti mmoja mrembo sebuleni mwao, amepanda juu ya kiti, anapima dirisha kwa utepe. Mwenye nyumba alikuwa pembeni, anashikilia kiti na kutabasamu. Redio aliuliza, kwa Kihispania chake kilichovunjika miguu yote miwili, mpimaji ni nani na anapima nini. Akajibiwa bila hila yoyote. Mkwe mtarajiwa, anapima mapazia. Hapa ndipo maharusi watakapoishi, nanyi mnahama mwisho wa mwezi kama alivyokubali mumeo. Nilimuuliza mara tatu, mama yule alisema, nilidhani atakasirika, lakini alinishika mkono akanipongeza. Mtu muungwana sana.

Kumbe kwa watu wale boda ni harusi.

Balozi aliporudi, kamba ya mbwa ikiwa bado mkononi, alimkuta mkewe ameketi katikati ya chumba, kimya. Kimya kile kilimtisha kuliko mbwa.

"Mume wangu," Redio alisema, "kijana wa watu hajapata boda. Anaoa. Atakaa humu. Na sisi tunatoka mwisho wa mwezi. Umekubali mara tatu."

"Mimi?"

"Tena ukapongeza."

Balozi akaketi juu ya ndoo.

"Nikisema ndiyo wanaondoka," alisema mwishowe. "Nikionyesha sielewi wanarudia, tena kwa sauti kubwa, kana kwamba mimi kiziwi, na watu wanaanza kugeuka. Ndiyo inawaondoa."

"Ndiyo yako inatuondoa sisi."

Akainamisha kichwa, ule mfereji wa kinyozi ukamtazama Redio.

"Mwalimu kaniambia uliwahi kwenda darasani."

"Walicheka," Balozi akasema. "Wote. Nilikuwa nimewaambia nina mke."

"Uliwaambia umechoka naye."

"Ala!" Aliinua uso, macho yamemtoka. Miaka yote hakuwahi kujua alisema nini. "Sasa hata mimi ningecheka."

"Na ulikuwa umechoka?"

"Nilikuwa peke yangu. Jioni sikuwa nikiona tofauti."

Redio alikuwa ameandaa maneno makali ya kumtosha mpaka Ijumaa. Aliyatafuta, akakuta mengi yameharibika. Akayapunguza. "Simama," alisema. "Vaa hilo koti lako la ubalozi. Tunashuka."

Mwenye nyumba aliwakaribisha, akawapa viti. Redio akaanza. Kwa sikio la mama yule, hotuba ilikuwa hivi: "Mama. Mume wangu kusema ndiyo. Ndiyo yake hapana ndiyo. Mume wangu hajui. Wewe kuuliza, yeye ndiyo. Mbwa kuuliza, yeye ndiyo. Sisi hapana nyumba nyingine. Sisi furaha kwa harusi. Sisi kulia kwa mwezi."

Mama yule akamgeukia Balozi. "Hukuelewa nilichokuambia?"

"Si," akasema Balozi, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilikuwa jibu la swali lililoulizwa.

Redio akataka kuongeza ombi la mwisho, lile zito: kama inawezekana, wapewe muda kidogo. Neno la "kama" kwa Kihispania likamkimbia. Akalitafuta darini, akalitafuta sakafuni. "Kama..." alisema. "Kama... kama..."

"Kama?" mwenye nyumba akauliza, akiweka viganja viwili chini ya shavu, kichwa kimeinama.

Redio akadhani anaambiwa amechoka. Nani asingechoka? "Si," akajibu kwa huzuni. "Si, si."

Macho ya mjane yakajaa maji. Kwao kama ni kitanda. Aliyasikia yote sasa: maskini hawa wamekuwa wakilala sakafuni, juu ya kichwa chake, na hawakuwahi kulalamika! Aliinuka, akamshika Redio mabega, akasema maharusi wanaweza kuanza maisha kwake huku chini. Atawapa wapangaji wake miezi mitatu watafute kwingine bila haraka. Redio aliielewa mitatu. Hicho kingine kilichofuata hakukielewa, akatikisa kichwa kukubali, maana mtu akipewa mitatu hachokonoi.

Asubuhi yake mlango uligongwa. Bwana harusi mwenyewe alikuwa ngazini, jasho linamtoka, na mbele yake kitanda cha chuma cha watu wawili, kipana, cha marehemu baba yake, chenye maua ya shaba kichwani.

"Hiki nini tena?" Balozi aliuliza.

"Kitanda," Redio alisema, akianza kuelewa. "Nadhani nilikiomba."

"Lakini tunacho!"

"Nenda kamwambie. Wewe si mwanadiplomasia?"

Kukirudisha kungekuwa matusi, na kukiingiza ilikuwa vita. Balozi alishuka akashika miguu, kijana akashika kichwa. Kwenye kona ya ngazi kitanda kikakwama kama mfupa kooni. Kijana akasema neno, Balozi akasema "si," akasukuma upande usio wake. Kijana akasema neno lile lile kwa sauti zaidi. "Si!" Balozi akasukuma tena, chuma kikakwaruza ukuta, plasta ikadondoka. Milango ikafunguka. Mama wa mbwa akachungulia, na mbwa akachungulia. Watu wakaanza kugeuka kutazama, wote, kama siku ile darasani.

Redio alikuwa juu, ameegemea mwimo wa mlango. Maneno yalimjaa mdomoni: kushoto ni hivi, kulia ni hivi, sogea, inua. Akayafungia humo humo.

Balozi akatua kitanda. Akajifuta jasho. Akafunga kifungo cha koti, akatazama watu mmoja mmoja, akamgeukia kijana.

"*No entiendo*," alisema, maneno aliyozoea kuyasikia kwa mkewe. Sielewi.

Hakuna aliyecheka. Kijana alitua upande wake, akaonyesha kwa mkono, polepole, akilitaja neno: kushoto. Balozi akalirudia, vibaya. Kijana akalirudia. Balozi akalirudia tena, afadhali kidogo. Wakakiinua, wakakigeuza kushoto, na kitanda kikapita.

Kilijaza chumba chote. Ilibidi kabati litoke, na kwa miezi mitatu walivuka vitanda viwili kwa magoti kufika dirishani. Jioni hiyo, Redio alipochukua daftari lake kwenda shuleni, Balozi alivaa viatu bila kuulizwa. Njiani alitaka kujua kama mwalimu yule bado anawasimamisha watu wajitambulishe.

"Bado," Redio alisema.

"Basi nifundishe hilo neno la kuoa. Lisogeze mbali kabisa na lile lingine."

Redio akamfundisha, na hakunyamaza mpaka walipofika.